Amana ya Mtu wa Ng'ambo

Ndugu msomaji, usinilaumu nikianza maneno yangu kwa senema. Najua wapo miongoni mwetu wanaokunja uso wakisikia neno hilo, na mara nyingi wana haki, kwani picha nyingi zinazoletwa majumbani mwetu hazimfunzi mtu ila kuiga upuuzi. Lakini picha ninayotaka kukusimulia ilinitoa siri niliyokuwa nimeikalia kwa miaka zaidi ya arobaini, siri ambayo hata mke wangu hakuwa akiijua. Basi nivumilie kidogo.

Mwanangu alikuja likizo hapa Kimuli, akaja na picha hiyo ndani ya kile kidude kidogo cha kuchomeka kwenye televisheni. Baada ya sala ya Isha tukakaa sebuleni: mimi, yeye, mama yake, na baba yangu mdogo ambaye amepita miaka themanini na anaishi katika boma letu. Ilikuwa picha ya Wakorea. Jina lake ni Joint Security Area, ilitolewa mwaka 2000, na aliyeitengeneza ni Park Chan-wook. Wanazungumza Kikorea, maandishi ya Kiingereza yanapita chini, na mwanangu akawa anatufasiria.

Kisa chake ni hiki. Korea iligawanywa vipande viwili mwaka 1945 kwa mstari uliochorwa juu ya ramani, latitudo ya 38, kisha wakapigana wao kwa wao kuanzia mwaka 1950 hadi 1953. Vita vikasimama kwa mapatano ya kuweka silaha chini, wala mkataba wa amani haujatiwa saini mpaka leo. Mahali paitwapo Panmunjom askari wa pande mbili husimama wakitazamana uso kwa uso, na mstari uko baina yao. Katika picha hiyo askari mmoja wa kusini anakanyaga bomu lililotegwa ardhini, usiku, naye amebaki nyuma peke yake. Hawezi kuuinua mguu. Wanatokea askari wawili wa kaskazini. Wangeweza kumpiga risasi, au kumwacha tu, lakini mmoja wao anainama na kulitegua lile bomu. Tokea hapo yule wa kusini anaanza kuwatupia barua zilizofungwa kwenye mawe, na mwisho anavuka daraja usiku kwenda kukaa nao, wakicheza na kucheka kama watoto.

Baba mdogo alikuwa kimya muda wote, na mimi nilidhani amesinzia. Mara akauliza, "Hao wanasikilizana lugha?"

"Ndiyo, babu," mwanangu akamjibu. "Lugha yao ni moja."

"Basi angefanyaje? Mtu akikuomba msaada kwa lugha ya mama yako, utamwachaje?"

Mwanangu akacheka. "Babu, hii ni hadithi tu. Vitani hakuna urafiki na adui."

Mzee hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, akasema, "Muulize baba yako habari ya baiskeli."

Nilihisi jasho mgongoni.

Ili ufahamu, ndugu msomaji, sharti nikurudishe nyuma kidogo. Huku kwetu nako kuna mstari. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani, hali wamekaa Ulaya, walikubaliana kwamba mpaka wao magharibi ya Ziwa Viktoria upite katika nyuzi moja kusini ya Ikweta. Mstari huo unatoka ziwani, unapita Mutukula, unakwenda mpaka kuukuta Mto Kagera; na kutoka hapo mto wenyewe ndio mpaka. Kwa hiyo sisi wa pande hizi za Karagwe, ambazo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya Kyerwa, tukishuka Murongo tunaitazama Uganda kwa macho. Ng'ambo ni Kikagati. Wao wanasema Runyankole, sisi Runyambo, na mtu mgeni hawezi kututenganisha kwa kusikia tu. Ndizi zao ni hizi hizi zetu, na kahawa ya kutafuna anayokaribishwa mgeni huko ndiyo anayokaribishwa hapa.

Baba mdogo alikuwa na rafiki wa ng'ambo. Walijuana walipokuwa vijana, wakichimba madini ya bati hapa Kyerwa, kazi iliyowavuta watu wa pande zote mbili. Yule alikuwa Mkristo, baba mdogo Mwislamu, wala sikusikia hata siku moja kwamba jambo hilo liliwasumbua. Wazee wa zamani walikuwa na desturi ya undugu wa kuchanjana, wenyewe huuita omukago: hupasuliwa tunda moja la kahawa ambalo ndani mna punje mbili, zikapakwa damu, kila mmoja akameza punje yenye damu ya mwenzake. Sisi damu tumekatazwa. Baba mdogo aliniambia kwamba wao waligawana tunda bila ya damu, na rafiki yake akasema inatosha, kwani aliyejua kuwa ni ndugu yake hakuhitaji kuionja damu yake.

Kisha yule rafiki akaingia jeshini. Usimdhanie vibaya. Ilikuwa miaka ya sabini, Idi Amin anatawala, na kwa kijana asiye na shamba kubwa mshahara wa askari ulikuwa ni riziki kama riziki nyingine. Akapelekwa Mbarara, kwenye kikosi kilichoitwa Simba. Akipata ruhusa alikuja kwao Kikagati, na usiku akavuka kuja kwetu. Mimi nilikuwa mtoto, nikimwona amekaa jikoni kwa mama, amevaa shati la kiraia, anachambua maharage.

Mara ya mwisho alikuja katikati ya mwaka 1978. Alikuwa na baiskeli, na kitambaa kilichofungwa noti za Uganda. Alimwambia baba mdogo kwamba mambo kambini hayamfurahishi, askari wanakamatana wao kwa wao, na yeye anaogopa mali yake itapotea. Zile fedha zilikuwa za mahari ya mdogo wake wa kiume. "Niwekee mpaka nirudi," akasema. Baba mdogo akaipokea ile baiskeli na kile kitambaa mbele ya mama yangu, ili pawepo shahidi.

Mwishoni mwa Oktoba mwaka ule majeshi ya Amin yaliingia nchini mwetu. Tarehe 1 Novemba Amin akatangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya Mto Kagera, baina ya mto na ule mstari wa mwaka 1890, ni ya Uganda. Waliua raia, wakachukua ng'ombe, wakang'oa mabati ya nyumba, wakapora mitambo ya kiwanda cha sukari, na daraja la Kyaka likavunjwa. Maelfu ya watu wakakimbia kusini. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alizungumza na taifa, na kila mwenye redio Kimuli aliitoa nje ili wenzake wasikie kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo, na uwezo tunao. Tokea siku hiyo Amin hakuitwa ila nduli.

Katika siku hizo Waislamu wa huku tulikuwa katika hali ya mashaka, na ni vema kusema hivyo waziwazi. Amin alikuwa Mwislamu kwa jina, na Libya ilikuwa ikimsaidia kwa silaha, na baadaye kwa askari. Walikuwepo majirani waliotuuliza, kwa mzaha ambao haukuwa mzaha, "Ndugu yenu anakuja lini?" Waislamu wa Tanzania walikuwa jeshini kama watu wengine, wakafa kama watu wengine, lakini uvumi hausubiri ushahidi. Ng'ambo ya mto mambo yalifika pabaya zaidi: mwezi Juni 1979, Amin akiwa amekwisha kimbia, makumi ya Waislamu waliuawa na majirani zao pale Kiziba katika nchi ya Ankole, kwa kuhesabiwa kuwa ni watu wake.

Na hapa, msomaji wangu, ndipo ninapoingia mimi.

Nilikuwa na umri wa miaka kumi. Shuleni watoto walikuwa wakishindana kwa habari. Mmoja anasema ameona ndege ya vita, mwingine anasema kaka yake amepewa bunduki. Mimi sikuwa na habari. Basi siku moja, wakati wa mapumziko, nikasema kwamba nyumbani kwetu ipo baiskeli ya askari wa Amin, na kwamba alikuwa akija usiku. Nilisema kwa kujivuna. Wenzangu walinizunguka, na kwa muda wa dakika tano nilikuwa mtu mkubwa.

Siku ya tatu walikuja watu wawili wenye madaraka ya wakati ule. Sitawataja, wala si kwa kuwaogopa. Wote wamekwisha tangulia mbele ya haki. Waliichukua baiskeli wakisema ni mali ya adui. Walimchukua na baba mdogo, wakakaa naye siku mbili wakimuuliza ni habari gani alizokuwa akimpa yule askari. Aliporudi jicho lake moja lilikuwa limevimba. Kile kitambaa cha fedha hawakukipata, kwa kuwa mama alikuwa amekificha ndani ya chungu cha mbegu. Juma lile lile baba mdogo akajiandikisha mgambo. Watu walisema ameona uchungu wa nchi. Hapana shaka aliuona. Lakini mama yangu alijua, na mimi nilijua, kwamba alikwenda pia ili jina la nyumba yetu lisafike.

Wala hakuniuliza mtu. Kila mmoja alidhani ni jirani fulani, na jirani huyo, maskini, hakualikwa tena katika karamu zetu hadi alipokufa.

Jeshi letu lilikuzwa upesi, likapita watu laki moja, na wengi walikuwa mgambo kama baba mdogo. Yeye aliwekwa na wale waliokwenda Mbarara pamoja na Brigedia Silas Mayunga. Habari za vita hazisimulii ovyo. Alichokisimulia usiku ule wa senema, mbele ya mwanangu, ni jambo moja tu. Walipokuwa wakipigania vilima vya Gayaza, mwezi Februari 1979, waliwasikia adui wakiitana gizani. Walikuwa wakiitana kwa Kiswahili.

"Hukujua, babu?" mwanangu akauliza. "Kwamba wanasema Kiswahili?"

"Nilijua. Kujua na kusikia ni mambo mawili. Mtu analia, 'Nimeumia, msiniache,' kwa maneno ambayo mwenzangu wa kulia angeyasema. Nikawa nasikiliza sauti. Kila aliyelia nilisema, huyu ndiye."

Jambo hili lina asili yake, na vijana wetu hawafundishwi. Jeshi la Uganda na jeshi la Tanganyika yalizaliwa na mama mmoja, yaani KAR, jeshi la Waingereza la Afrika ya Mashariki. Amin mwenyewe alitoka humo. Lugha ya kambi za huko ilikuwa Kiswahili, na Waganda walipopata uhuru jeshi lao liliendelea kukitumia. Tena walikuwepo Waganda waliopigana upande wetu, wakimbizi waliomkimbia Amin: Kikosi Maalum ambamo alikuwemo Tito Okello, na kundi la Yoweri Museveni lililokuwa na vijana wengi wa Ankole. Baadhi ya wale wa Kikosi Maalum walikuwa wamekula sahani moja, katika kambi moja, na watu waliokuwa sasa wanawalenga. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba vita vile vilikuwa vya wageni na wenyeji, mwambie alale tena.

Mbarara ilitekwa mwishoni mwa Februari. Mji ule, pamoja na Masaka, uliharibiwa sana na askari wetu kwa kulipiza yaliyotendwa Kagera, na baba mdogo hapendi kuusifu ushindi huo. Aliwekwa kulinda mateka. Alipita baina yao akitazama nyuso, moja baada ya nyingine, na rafiki yake hakuwemo. Mmoja katika wale mateka alikuwa wa kikosi cha Simba. Baba mdogo alimpa maji, na punje za kahawa alizokuwa nazo mfukoni tokea nyumbani, akamuuliza kwa Runyambo. Yule akamwambia kwamba anamjua, na kwamba alikuwa hai siku ya kuondoka, lakini hajui ameelekea wapi. Mwenzake mmoja wa mgambo akamkemea: vipi unamlisha adui? Baba mdogo hakuwa amesoma sana, lakini madrasa alikwenda, naye alikumbuka kwamba Kurani imemtaja mateka pamoja na maskini na yatima katika wale ambao watu wema huwalisha. Akamjibu yule mwenzake kwamba kahawa ni yake na mfuko ni wake.

Kampala ilianguka Aprili, na mwanzoni mwa Juni majeshi yetu yakafika mpaka wa Sudan. Baba mdogo akarudi Kimuli. Mkoa wetu, uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi, ukapewa jina la Kagera. Wengi hawakurudi, na makaburi ya mashujaa wetu yapo Kaboya kwa anayetaka kwenda kuwaombea. Rafiki wa ng'ambo hakuonekana tena. Wengine walisema alikufa Lukaya, wengine walisema alikimbilia Sudan kama askari wengi wa Amin. Mwaka ule ule noti zenye sura ya Amin ziliondolewa, na fedha zile za mahari zikawa karatasi. Baba mdogo akaziacha katika chungu.

Mpaka ulipofunguka watu walivuka kama zamani, kwenda sokoni, arusini na mazishini. Yeye hakuvuka. Ndugu za rafiki yake walikuwa pale Kikagati, mwendo wa asubuhi moja, naye kwa miaka arobaini na zaidi hakwenda hata kuwapa mkono wa pole. Tulidhani ni vita vilivyomchukiza na watu wa ng'ambo. Kumbe ilikuwa aibu. Angekwenda vipi mikono mitupu kwa watu aliowekewa mali yao?

Unakumbuka, msomaji, usiku ambao Mtume (s.a.w.) aliondoka Makka kwenda Madina. Makureshi walikuwa wamekwisha kula njama ya kumwua. Na watu hao hao walikuwa wameweka mali zao kwake, kwa kuwa katika mji mzima hawakupata mwaminifu zaidi yake. Hakusema, hawa ni maadui, mali yao ni halali yangu. Alimwacha Sayyidna Ali nyuma, katika hatari ile, arudishe kila amana kwa mwenyewe. Kisa hiki nimekisoma tangu utoto, nimekisomesha watoto wa watu, na kila nikikifikia nilikuwa nikipita haraka.

Usiku ule wa senema picha iliendelea mbele yetu hadi mwisho wake, ambao ni wa huzuni: ofisa anawafumania wale marafiki, bunduki zinatolewa, na watu waliokuwa wakicheka pamoja wanauana. Kisha anakuja mchunguzi kutaka ukweli, na kila upande una uongo wake ulioandikwa vizuri. Mwanangu alipoizima televisheni nilijiona nimefanana na zile karatasi za uongo. Nikasema, "Baba mdogo, ile baiskeli ni mimi niliyeisema. Shuleni."

Mke wangu alishika mdomo. Mzee akakaa kimya kwa muda mrefu, akizungusha tasbihi. Nilitazamia aniulize kwa nini, au anikumbushe lile jicho lake, au jirani yule tuliyemdhulumu. Alipofungua kinywa akasema, "Baiskeli siku hizi ni bei gani?"

Kesho yake nilikwenda kumwuliza sheikh wetu. Akanieleza kuwa wanavyuoni wengi wamesema aliyewekewa amana halipi ikiwa mali imepotea bila ya uzembe wake, na kuporwa kwa nguvu si uzembe. Kwa hiyo baba mdogo hadaiwi. "Na aliyesema?" nikamwuliza. Akanikumbusha kwamba mtoto wa miaka kumi hajaandikiwa dhambi. Kisha akatabasamu, akasema, "Lakini umekuwa mtu mzima kwa miaka mingi sasa, au siyo?"

Nikainunua. Haikuwa kama ile, maana ile ilikuwa ya chuma kizito, na hizi za siku hizi ni nyepesi. Juma lililofuata tukashuka Murongo, mimi naikokota, baba mdogo nyuma yangu na fimbo yake, na kile kitambaa amekitia katika mfuko wa kanzu. Hakuwa ameuvuka mto ule tangu vita. Katikati ya daraja alisimama akapumzika, wala sikumharakisha.

Kikagati tuliuliza kwa wanawake wa sokoni, na haikuchukua muda. Rafiki yake hakurudi kamwe. Yule mdogo wake aliyetakiwa kuoa amekwisha kufa pia. Amebaki dada yao, bibi kizee mwenye macho mazima kabisa. Alimtambua baba mdogo kabla hajasema jina lake. Akatuwekea kahawa katika kijikapu, tukatafuna. Baba mdogo akakifungua kile kitambaa, na yule bibi akazihesabu zile noti moja moja, zenye sura ya Amin, kama zinazofaa dukani, akazifunga tena.

Kisha akatoka nje kuitazama baiskeli. Akaizunguka. Akashika usukani, akabonyeza matairi.

"Ile ya kaka," akasema, "ilikuwa na kengele."

Baba mdogo akanigeukia. "Kweli. Ilikuwa na kengele."

Nikarudi sokoni kutafuta kengele.